Merikebu ya Mfalme na Kesi ya Aganze

Polycarpe Nshombo hakuwahi kukaa kitini akaegemea. Alikaa ukingoni, magoti yakielekea mlangoni, kama mtu anayengoja jina lake liitwe kwenye foleni ya hospitali. Kanisani alichagua benchi la nyuma. Mkewe Gracieuse alipomuuliza kwa nini hatundiki hata picha moja ukutani, alisema misumari huharibu kuta za watu. Yeye, seremala aliyepigilia misumari tangu ujana wake! Gracieuse aliguna tu, akaacha, kwa sababu ukweli wa jambo aliujua.

Ukweli ulikuwa kaka yake mkubwa, Aganze.

Aganze alikuwa nahodha wa boti ya mbao katika Ziwa Kivu, boti yenye injini iliyobeba abiria na magunia kutoka vijijini kwenda Goma. Asubuhi moja ya siku ya soko, ziwa likiwa limetulia, boti iliondoka ufukweni mbele ya watu waliokuja kuwasindikiza jamaa zao. Haikuwa imezipita hata nyumba za mwisho za kijiji ilipoinama upande mmoja. Ikainuka. Watu wa ufukweni wakacheka kwa kushusha pumzi. Ikainama tena, na safari hii haikuinuka. Waliobaki nchi kavu waliona yote: kanga zinazoelea, mikono, kisha maji matupu. Aganze alikufa pamoja na karibu abiria wake wote.

Kabla jua halijafika utosini, neno lilikuwa limeshaenea kwamba nahodha alikuwa amelewa. Nani aliyemwona akinywa? Hakuna aliyeuliza. Mwenye boti alijificha mji mwingine. Vijana wenye uchungu walikwenda kwenye karakana ya Nshombo, wakaitia moto na vitanda vilivyokuwa ndani. Haikupita muda vita navyo vikafika, kila mtu akashika njia yake. Nshombo alivuka mpaka na Gracieuse na binti yao Patricia, aliyekuwa bado mgongoni. Wakaishi kambini Uganda miaka mingi, halafu wakapelekwa Amerika, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky.

Louisville iliwapokea vizuri. Nshombo alipata kazi katika kiwanda cha maboksi huko Jeffersontown, Gracieuse akapata kazi ya kufua mashuka hotelini, Patricia akaanza kuota kwa Kiingereza. Kulikuwa na kanisa la Wakongo ambako Kiswahili cha Kivu kilisikika tangu kwenye maegesho ya magari. Walikaa mwaka, ukaja wa pili, na Nshombo alianza hata kuchelewa kuondoka baada ya ibada.

Jumapili moja kanisa liliandaa chakula cha kuwakaribisha wageni waliofika wiki hiyo. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke wa makamo, Mama Nyirangabo, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sahani ya wali mkononi. Alimsikia Nshombo akiongea, akageuka kuitazama sura yake kwa muda.

"Baba yako njo ule mwalimu wa ku misheni?" aliuliza.

"Njo yeye, mama."

"Donc, kumbe Aganze..."

"Ni yaya yangu," Nshombo alisema. Kule Kivu kaka au dada mkubwa huitwa yaya, na neno lilimtoka kabla hajapata nafasi ya kulirudisha.

Mama Nyirangabo aliiweka sahani yake sakafuni, polepole, kana kwamba imekuwa nzito ghafla. "Batoto yangu babili banalala mu ile maji," alisema. "Na weye uko hapa unakula muchele."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Vijiko vikasimama. Nshombo alimshika Patricia mkono, akatoka, akamwacha Gracieuse akitafuta makoti. Wiki chache baadaye walikuwa barabarani kuelekea Columbus, jimbo la Ohio, magodoro yamefungwa kamba juu ya gari.

Columbus nako walikaa vizuri kwa muda. Nshombo alifanya kazi katika ghala moja kubwa, akipanga mizigo kwenye malori, na hakujiunga na kanisa lolote. Alisali nyumbani. Siku moja wakati wa mapumziko, kijana mmoja alikuja akasimama mbele ya meza yake. Alikuwa na kovu refu kwenye mkono.

"Yaya, samahani. Jina yangu Bulonza. Minasikia bale batu banasema weye ni mudogo ya kapiteni Aganze."

Nshombo aliendelea kutafuna.

"Mi nilikuwaka ndani ya ile boti," Bulonza aliendelea. "Tangu nifike inchi hii ninatafuta mutu wa kwenu. Nataka tuzungumuze kidogo tu."

"Unanifananisha na mutu mwingine," Nshombo alisema, akainuka, akaacha chakula chake mezani. Hakurudi tena katika ghala lile. Binamu yake Gracieuse alikuwa akiishi Buffalo, jimbo la New York, na kabla ya majani ya vuli kuisha mitini, walikuwa Buffalo. Patricia, aliyekuwa amefikisha umri wa kubishana, hakusema neno njia nzima. Alikuwa amebadilisha shule mara tatu, na marafiki wake wote walikuwa wakiishi ndani ya simu.

Buffalo, Gracieuse aliajiriwa katika nyumba ya kulea wazee huko Kenmore. Nshombo alichukua kazi za vibarua kupitia wakala, leo hapa, kesho pale. Majira ya kuchipua yalipofika alipelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho karibu na maji. Onyesho la kuhamahama lilikuwa limefika katika makreti, nao walihitaji watu wa kuyafungua, kuunganisha kuta za muda na kutengeneza kilichovunjika njiani. Nshombo aliipenda kazi hiyo. Ilinuka mbao. Alielewa kwamba onyesho lilihusu merikebu ya zamani, kwa maana aliona picha zake: mnyama mkubwa wa mbao, mwenye milingoti mitatu na tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyochongwa simba na wafalme juu hadi chini. Zaidi ya hapo hakujishughulisha. Maji na vyombo vya majini vilikuwa mambo aliyoyapitia akiwa ameinamisha kichwa.

Katikati ya ukumbi aliunganisha jukwaa pana la mbao, lililokaa juu ya vyuma vya kuchezacheza. Aliona ajabu kwamba halikutulia, akamuuliza msimamizi kama kuna kipande kimepotea. Msimamizi alicheka, akamwambia ndivyo lilivyotakiwa liwe.

Siku ya ufunguzi walikuja wanafunzi wa shule moja kutoka Amherst. Nshombo alikuwa akifagia vumbi la mbao nyuma ya pazia. Alisikia mwalimu akiwapanga watoto juu ya jukwaa, kisha akasikia filimbi. Watoto wote wakakimbilia upande wa kulia wakipiga mayowe ya furaha. Jukwaa likainama. Filimbi ikalia tena, wakakimbilia kushoto. Likainama upande wa pili, mbao zikatoa mlio.

Ufagio ulimtoka mkononi. "Mushuke!" alipaza sauti. "Mushuke bote! Inapinduka!" Alikuwa ameshaingia katikati yao, akimvuta mmoja kwa koti, akimbeba mwingine kwapani, akiwatua chini sakafuni, huku macho yake hayamwoni mtu. Mtoto mmoja alianza kulia. Mwalimu alimfokea kwa Kiingereza, na ukumbi mzima ukamgeukia mwanamume huyu mrefu aliyesimama anahema, jukwaa likiyumba kidogo chini ya miguu yake.

Msimamizi, mtu mpole, alimpeleka kwenye chumba cha makreti akamwambia apumzike. Nshombo alikaa juu ya kreti, mikono katikati ya magoti. Alijua kazi imekwisha. Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga miji: Cleveland, Pittsburgh, popote.

Mlango ulifunguliwa, akaingia msichana aliyevaa fulana ya waongozaji wa wageni, na chupa ya maji mkononi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nimekusikia ukiita. Wewe ni Mkongo?"

Nshombo aliinua kichwa. Kiswahili cha msichana kilikuwa kile kilichonyooka, cha upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. "Marahaba. Weye je?"

"Naitwa Fides. Wazazi wangu ni Warundi, lakini mimi nilizaliwa kambini Tanzania, Kigoma. Sasa nasoma chuo pale Amherst, na baada ya masomo ninaongoza wageni hapa." Alimpa maji. "Wamekubali uendelee na kazi. Nimewaambia ulifikiri kuna kitu kimevunjika. Lakini mimi nilikuona uso. Hukufikiri kimevunjika."

Nshombo alikunywa. "Ile kitu munafanyia nini? Kwa nini munachezea batoto vile?"

"Hawachezi bure. Jambo hilo lilitokea kweli." Fides alivuta kreti akakaa. "Hii merikebu iliitwa Vasa. Iliundwa Uswidi karibu miaka mia nne iliyopita, kwa amri ya mfalme wao. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo ya bahari, akiandika kuwahimiza waharakishe. Alitaka mizinga mingi, mizinga mikubwa, sitaha mbili za mizinga, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo ikawa nzito juu, na tumboni hapakuwa na nafasi ya kutosha ya mawe ya kuituliza. Ilipokuwa bado imefungwa gatini, nahodha aliona haikai vizuri. Akamwita mkubwa wa jeshi la majini aje ashuhudie. Akawachukua mabaharia thelathini, akawaambia wakimbie pamoja toka upande huu hadi huu. Walipokimbia mara ya tatu, mkubwa akaamuru waache. Aliona itapinduka palepale."

"Kiisha?" Nshombo aliuliza. Alikuwa ameiweka chupa chini.

"Kisha ikasafiri."

"Ikasafiri namna gani? Si alikuwa ameona?"

"Aliona. Wote waliokuwapo waliona. Ikasafiri. Ilikuwa Jumapili, mji mzima umekuja ufukweni kutazama. Mabaharia waliruhusiwa kuwachukua wake zao na watoto kwa kipande cha kwanza cha safari. Walikunjua matanga machache tu. Upepo mdogo ukavuma, ikainama, ikainuka. Ukaja upepo wa pili, ikainama, na maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Ikazama bandarini humohumo. Haikufika popote."

Nshombo alisimama. Akaenda mpaka kwenye ukuta, akarudi. "Mbele ya batu," alisema.

"Mbele ya watu."

"Na kapiteni? Alikufa?"

"Hapana. Yeye alipona. Walimkamata mara moja, wakampeleka mbele ya wakubwa kuhojiwa."

"Balisema alikuwa amelewa."

Fides alimtazama kwa mshangao. "Ndiyo, hilo lilikuwa miongoni mwa maswali ya kwanza kabisa. Kama alikuwa amelewa, na kama mizinga ilikuwa imefungwa. Aliwaambia wamkatekate vipande elfu iwapo hata mzinga mmoja ulikuwa haujafungwa. Umejuaje, baba?"

Alimweleza. Hakuwa amemweleza mtu yeyote tangu Afrika, na maneno yalitoka bila mpangilio: ufukwe, kanga, karakana, sahani ya wali. Fides alisikiliza bila kumkatiza, hata alipoitwa nje mara mbili.

Kuanzia siku hiyo Nshombo hakuwa na raha. Usidhani alipata faraja. Alichopata kilikuwa kama mchanga ndani ya kiatu. Kila jioni baada ya kufagia alimwomba Fides amsomee kilichoandikwa kwenye ubao mmoja wa onyesho, ule ulioeleza kesi. Walimhoji nahodha. Wakamhoji msimamizi wa mabaharia, naye ndiye aliyefichua jaribio la watu thelathini. Wakawahoji wajenzi. Fundi mkuu, Mholanzi, alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na waliorithi kazi yake wakasema walifuata vipimo, na vipimo hivyo mfalme mwenyewe alikuwa amevikubali. Sasa kosa ni la nani? wakauliza wakubwa. Mmoja akajibu kwamba Mungu pekee ndiye ajuaye. Hakuna aliyeadhibiwa.

"Banauliza bote," Nshombo alisema siku moja, akiwa ameegemea ufagio. "Mumoja mumoja."

"Wote waliowapata."

"Hata kama habakupata jibu."

"Hata hivyo. Na kwa sababu waliuliza, mimi na wewe leo tunajua yule nahodha alijaribu kuonya. La sivyo angebaki mlevi aliyezamisha merikebu ya mfalme." Fides alisita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini pia tunajua kwamba baada ya kuonya, alisafiri. Hilo nalo limebaki. Chombo chenyewe walikitoa chini ya bahari baada ya miaka zaidi ya mia tatu, karibu kizima, maana maji ya kule hayana wadudu wanaotafuna mbao. Watu wakakipima upya. Ni kweli kabisa, kilikuwa kizito juu."

Aganze hakuulizwa, Nshombo aliwaza akitembea kwenda kituo cha basi. Yeye amekufa, hawezi kuulizwa. Lakini mwingine yupo aliyetaka kusema, akasimama mbele ya meza yangu, nami nikainuka nikakimbia.

Jumatatu iliyofuata Gracieuse alirudi kutoka Kenmore akamkuta mumewe akikagua magurudumu ya gari, mkoba umekaa kwenye ngazi. Aliweka mfuko wake chini palepale kwenye majani.

"Hapana, baba Patricia," alisema. "Safari hii hapana. Bale bazee banajua jina yangu. Nimechoka."

Patricia alitokea mlangoni. Alisema kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa sauti inayotetemeka, kwamba yeye hahami, kwamba wakienda waende, yeye ataomba kuishi kwa yule binamu ya mama yake, kwamba amechoka kuwa mgeni. Nshombo alielewa kila neno.

"Hatuhame," alisema. "Tunarudia tu. Columbus, kiisha Louisville. Kiisha tunakuja hapa."

"Kufanya nini Louisville?" Gracieuse aliuliza.

"Kuuliza."

Gracieuse aliuokota mfuko wake. Kisha akaingia ndani kubadilisha viatu, na Patricia, ambaye hakuna aliyemlazimisha, akachukua mto wake akakaa kiti cha nyuma.

Walishika barabara kuu ya magharibi, Ziwa Erie likiwa upande wa kulia, linatokea na kupotea nyuma ya miti na mizabibu. Nshombo aliendesha mikono yote miwili ikiwa imekaza usukani. Alitaka kugeuza gari Cleveland, na akasema hivyo. Gracieuse alimmegea mkate akampa bila kujibu. Waliendelea.

Columbus, mtu wa lile ghala aliwaelekeza nyumba, na Bulonza aliwafungulia mlango mwenyewe. Hakuonyesha kushangaa. "Yaya, nilikungojaka," alisema, akamwita mkewe alete chai. Watoto wake walimwelekeza Patricia kwenye chumba chao, lakini alibaki sebuleni, amekaa karibu na mama yake.

"Bon," Nshombo alisema. "Sema. Sema yote. Usinihurumie."

Bulonza alisugua kovu lake. "Mi nilikuwa nakaa karibu na motere, na mbuzi zangu. Kapiteni hakulewa. Nilisikia pumzi yake, alikuwa karibu na mi kama vile uko sasa. Wiki ile mwenye boti alikuwa amejenga dari mupya pale juu, batu bapande na bidoo na magunia yabo. Kapiteni alimupigia simu. Alisema, 'Patron, hii kitu inalala. Juu ni nzito.' Alisema mara mingi. Sikusikia ule anajibu nini. Kiisha kapiteni aliweka simu mu mufuko, akatoka nje, akaambia bale ba juu bashuke. Bamoja bakashuka. Bengi bakakataa. Bakamucheka. Mvua ya matusi."

"Kiisha?"

"Alisimama. Akaangalia ziwa. Ilikuwa muzuri, kimya." Bulonza aliiweka chai chini. "Kiisha akawasha motere, yaya."

Nshombo alikuwa ameomba miaka yote hiyo, bila kujua anaomba, kwamba habari ingekuja siku moja imsafishe ndugu yake awe mweupe. Imekuja, na ilikuwa imemsafisha upande mmoja tu. Machozi yalimtoka, akayaacha. Patricia hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alisogea akamshika mkono wa shati, akauliza kwa Kiswahili, Kiswahili chake kibovu cha kubahatisha, "Papa, ni baba mukubwa yangu?"

"Njo yeye," alisema Nshombo.

Bulonza alikubali kwenda nao. Walifika Louisville siku iliyofuata, mchana, wakaelekezwa nyumba ya Mama Nyirangabo, aliyekuwa akiishi na mwanawe wa mwisho. Alikuwa amekaa barazani, akichambua maharagwe. Alipowaona aliuvuta mfuniko wa chungu akakifunika, kama anayeficha chakula kisionwe na mbwa.

"Mama, sikuje kuomba radhi," Nshombo alisema akiwa amesimama chini ya ngazi. "Nilikimbia siku ile. Leo nimekuja na mutu mwenye alikuwa ndani. Ukitaka, atakuambia. Usipotaka, tutaenda."

Mama Nyirangabo alimtazama Bulonza, akaliona kovu. Aliashiria kwa kidevu viti vya plastiki.

Bulonza alirudia yote, neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza. Dari mpya. Simu. Waliocheka. Mama alikuwa amekaza uso kwa hasira mpaka hadithi ilipofikia injini.

"Aliwasha?" aliuliza.

"Aliwasha, mama," Nshombo ndiye aliyejibu.

"Donc alijua."

"Alijua."

"Na mwenye boti alijua. Na bale ba juu baliambiwa." Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole. Kisha akaviacha vidole vikaanguka mapajani. "Miaka yote hii nilikuwa na mutu mumoja wa kuchukia. Mumoja tu, nilikuwa namujua. Sasa unaniletea bengi vile. Nitabafanya nini bote?"

Gari lilipita. Gracieuse aliinuka akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yule, akavuta sinia la maharagwe mapajani mwake, akaanza kuchambua. Baada ya muda mikono ya Mama Nyirangabo nayo ilirudi kwenye sinia.

"Kesho ni ibada ya katikati ya juma," alisema hatimaye bila kumtazama Nshombo. "Batu ya ziwa bengi batakuwako. Utasimama, utasema vile vile. Na hii ya motere usifiche."

Kesho yake, kanisani, Nshombo alisimama. Safari hii alikuwa amekaa benchi la mbele, kwa sababu mama yule alimketisha hapo. Mara mbili alitazama mlango. Alisema jina la kaka yake kwa sauti, kisha akamwita Bulonza. Mwanamume mmoja alitoka nje kwa hasira kabla hawajamaliza. Mwingine alisimama akauliza mambo magumu: dari ilijengwa na nani, kwa nini nahodha hakukataa tu, hakushuka tu, akaenda zake. Nshombo alijibu alichokijua, na kwa mengine alisema hajui. Mzee mmoja aliyefiwa na mke alisema kwa ukali kwamba haya yote hayamrudishi mtu. Kisha akauliza swali naye. Walikaa mpaka mlinzi wa jengo akaja kuwaomba wafunge.

Walirudi Buffalo. Onyesho lilipokwisha, Nshombo alifungua jukwaa lile parafujo kwa parafujo, akalipanga katika makreti, likaenda mji mwingine. Fides alimpeleka kwa mtu aliyekuwa na karakana ya madirisha, ndiko anakofanya kazi mpaka sasa. Usiseme ametulia. Bado huamka mapema kuliko lazima, bado huzunguka nyumba akijaribu vitasa, na barua ya mwenye nyumba ikifika huisoma akiwa amesimama mlangoni. Lakini Patricia amemaliza mwaka mzima katika shule moja, jambo ambalo halijatokea tangu watoke Louisville.

Jumapili moja alasiri simu ya Nshombo iliita. Ilikuwa namba ya Kentucky.

"Nshombo," ilisema sauti ya Mama Nyirangabo, bila salamu. "Kuna kitu sikukuuliza. Ule yaya yako, alikuwa mutu wa namna gani? Si ku boti. Nyumbani."

Nshombo alikaa. Alifikiri.

"Alikuwa muoga wa kuku, mama," alisema. "Kuku akimufukuza, anapanda juu ya meza. Mutu mukubwa vile."

Upande wa pili ikasikika pumzi, kitu kama kicheko ambacho hakijaamua. "Sema ingine," alisema mama.

Akasema nyingine.